Gawio la Basibasi

Baba alipofariki tulikuta sandukuni mwake hati ya hisa. Kaka alitaka tuziuze haraka, alipe ada ya mwanawe. Mama akanigeukia mimi niliyesoma: "Hivi hisa ni kitu gani hasa, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nilianza kusoma, nikajikuta Amsterdam, mwaka 1602.

Agosti ya mwaka ule, kampuni mpya ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki, VOC, iliandikisha wawekezaji nyumbani kwa mfanyabiashara Dirck van Os. Safari za kufuata viungo zilikuwa ghali, na merikebu ikizama, mwenyewe huzama nayo. Basi gharama na hatari zikagawanywa kwa wengi. Fungu la kila aliyechangia likaandikwa daftarini: hiyo ndiyo hisa. Mafungu yote kwa pamoja ndiyo mtaji. Amsterdam peke yake ilichanga zaidi ya gilda milioni 3.6, kutoka kwa watu zaidi ya 1,100. Mmoja wao alikuwa mtumishi wa ndani wa van Os, Neeltgen Cornelis, aliyeandikisha gilda 100.

Kampuni haikumrudishia mtu fedha zake kila alipozihitaji, ila aliruhusiwa kumuuzia mwingine hisa yake, na karani akabadilisha jina daftarini. Soko la hisa likazaliwa hapo. Madalali wakaingia kati, bei ikawa inapanda na kushuka kwa habari na uvumi. Mwaka 1609 Isaac Le Maire na wenzake waliuza hisa wasizokuwa nazo, wakitumaini bei ianguke wazinunue kwa bei ya chini na kubaki na tofauti. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku uuzaji wa namna hiyo.

Gawio, yaani sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, lilikuja mwaka 1610. La kwanza halikuwa fedha. Lilikuwa basibasi, ule utando mwekundu unaofunika kokwa la kungumanga. Nilicheka peke yangu, nikiwafikiria watu wakitoka kuchukua faida yao huku wananukia pilau.

Kicheko kilikatika nilipouliza basibasi ile ilitoka wapi. Enzi hizo kungumanga zilitoka Visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen alivivamia kwa niaba ya kampuni. Wakazi wengi waliuawa, wakafa njaa, wakakimbia au wakafanywa watumwa. Daftari la Amsterdam lina jina la Neeltgen. Majina yao hayamo.

Nilimwambia mama hivi: hisa ni fungu la umiliki. Kampuni ikipata, tumepata, ikipoteza, tumepoteza, na namna inavyopata inatuhusu pia.

Alinyamaza kitambo. "Kwa hiyo baba yenu alikuwa na kampuni, na hatujui inawatendeaje watu wake?"

Tuliuza nusu, ada ikalipwa. Nusu iliyobaki iko kwa jina la mama. Taarifa ya mwaka ya kampuni ikitoka, namsomea jioni kibarazani. Kwenye faida hanikatizi. Nikifika kwenye wafanyakazi, huniambia nirudie.