Mtakwimu bima na mtoto wako mwenye ulemavu

Mtakwimu bima ni mtaalamu wa hesabu anayekadiria mambo ya mbele: watu wangapi wataugua, wataishi muda gani, na fedha za kuwahudumia zitoke wapi. Wengi huajiriwa na kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Hesabu hiyohiyo inaweza kupanga huduma za watu wenye ulemavu, na hapo ndipo inapokuhusu wewe mama au mlezi.

Chukua mtoto aliyezaliwa na mguu uliopindia ndani. Akiletwa mapema, hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha huvaa viatu maalumu usiku hadi afikishe miaka 4 hivi. Asipotibiwa, huenda akatembea kwa shida maisha yake yote. Anayetazama bajeti ya mwaka mmoja huona bei ya plasta tu. Mtakwimu bima hutazama miaka yote ya mtoto: shule, kazi, na siku ambazo mama hakwenda kibaruani kwa sababu ya kumbeba. (Siku hizo zako, kwa maoni yangu, ndizo zinazosahaulika zaidi.) Australia imeliweka jambo hili kwenye sheria ya 2013: mpango wao wa taifa wa bima ya ulemavu lazima uwe na mtakwimu bima wa kukagua kama fedha zitatosha.

Lakini hesabu hutegemea majibu yaliyoandikwa. Sensa ya Kenya ya 2009 ilipata asilimia 3.5 ya watu wana ulemavu; ya 2019 ikapata 2.2. Usidhani ulemavu ulipungua. Maswali yalibadilika, na asilimia ya 2019 ni ya wenye miaka 5 na zaidi. Watu waliulizwa kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Waliohesabiwa ni wenye "ugumu mkubwa" au "hawezi kabisa". Aliyejibu "ugumu kiasi" aliachwa nje.

Wazazi wengi husema "ana shida kidogo tu", kwa haya au kwa kuogopa maneno ya majirani. Kabla ya kujibu, mlinganishe mtoto na wa rika lake. Wenzake wakiwa wanakula wenyewe naye hawezi kushika kijiko, huo si ugumu kidogo. Mhudumu wa afya ya jamii akija kuandikisha nyumba yako, mwambie vivyo hivyo, na ambaye hajatimiza miaka 5 mtaje pia.