Maradhi Yasiyo na Shahidi

Mto Lufira, ushukapo kutoka Mwadingusha kuelekea Koni katika pande za Likasi, huko Katanga nchini Kongo, ulikuwa na nguvu zake tangu azali, lakini nguvu hizo hazikutiwa hatamu mpaka kampuni ya Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilipohitaji umeme wa kusafishia shaba huko Shituru. Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930, na yapata miaka ishirini baadaye Koni nayo ikaanza kuzungusha mitambo yake, ambayo uwezo wake ni megawati 42.

Umeme huingia nyumbani kimya, ila huzaliwa katika ngurumo. Na fundi asimamaye miaka mingi kando ya mitambo, kama sahibu yake atoboaye mwamba mgodini, huwa katika hatari ya kulipa kwa sikio lake. Vinyweleo vilivyomo ndani ya sikio, vikishateketezwa na kelele, havioti tena. Na upungufu huo wa kusikia mara nyingi huandamana na mlio usiotoka popote, mithili ya nyenje, ambao haukomi kazi ikomapo. Hata Beethoven, ambaye hakufanya kazi ya mitambo, alimlalamikia sahibu yake tabibu Wegeler mwaka 1801 kwamba masikio yake yanavuma usiku na mchana.

Watu wa migodi ya Katanga hawakuwa wageni wa kusaidiana. Ngoma ya beni, iliyozuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ilifika Elisabethville baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na chini ya vyeo vyake vya kijeshi na gwaride lake la madaha kulikuwa na faradhi nzito: mwanachama akiugua auguzwe, akifa azikwe kwa heshima, maana ukoo wake ulikuwa mbali. Likelemba, ambayo watu wa pwani huiita upatu, nayo ikampa mchangiaji fungu lake kwa zamu.

Lakini vyama hivyo vilihukumu shida kwa dalili zionekanazo: jeneza, kitanda cha mgonjwa, chungu kitupu. Mwenye mlio masikioni hana dalili ya kuonyesha. Jirani humwona mzima, na mwajiri humdhania mvivu. Kwa sababu kama hiyo, katika nchi nyingine wagonjwa wenyewe walijiundia vyama vyao: Marekani mwaka 1971, mjini Portland, Uingereza mwaka 1979, wakiungwa mkono na mbunge Jack Ashley, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, na Ujerumani mwaka 1986. Humo mgonjwa wa siku nyingi humfundisha mgeni asilale katika ukimya mtupu, bali asikilize sauti laini. Ajikinge na kelele mpya. Na mlio ukiwa katika sikio moja tu, au ukija pamoja na kizunguzungu, aende kwa tabibu bila kuchelewa. La thamani zaidi ni kwamba hapo hakuna atakiwaye kuthibitisha maumivu yake.

Kwa hiyo, iwapo mafundi wa Koni watakusanyika kwa ajili ya maradhi haya, hawatahitaji kuazima ada ya kigeni. Faradhi ya kuuguzana waliirithi kwa wazee wao. Kinachobaki ni kuongeza kanuni moja katika katiba ya chama, kwamba neno la mgonjwa peke yake litoshe kuwa ushahidi.