Rafiki au Adui Angani: Uongozaji wa Ndege za Kijeshi Tanzania, 1964–1979

Kiwalani ni jirani wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na upande wa Ukonga ndiko iliko kambi ya kikosi cha anga cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Ujirani huo wa abiria na askari unaibua swali ambalo wanahistoria wa Vita vya Kagera wamelipita haraka: nani aliyejua ndege ipi ni ya nani?

Kikosi hicho kilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, uliokatishwa mwaka 1965 kwa sababu ya mgogoro kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki. Kanada ikashika nafasi hiyo hadi mwaka 1970, kisha China ikaleta ndege za kivita. Kila mfadhili alikuja na ndege zake na mafunzo yake. Anga ya kiraia, kwa upande wake, ilisimamiwa na idara ya pamoja ya Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata vita vikaanza.

Mwanzoni mwa vita hivyo, ndege tatu za JWTZ zilitunguliwa Musoma na wapiganaji wa JWTZ wenyewe. Maelezo yaliyozoeleka huwalaumu askari kwa taharuki. Makala hii haiyakubali kikamilifu. Uganda ilikuwa na ndege za MiG-17 na MiG-21 kutoka Urusi. Tanzania ilikuwa na ndege za Kichina zilizoundwa kwa michoro hiyohiyo. Kwa mtu aliye chini, mwenye sekunde chache za kuamua, umbo lilikuwa moja. Macho hayakutosha, kilichohitajika ni taarifa kutoka kwa waongoza ndege kumfikia mpiga mizinga kabla ndege hazijaonekana. Kufuata amri bila taarifa hiyo kungeweza kuua rafiki, na kusita kungeweza kuangamiza mji. (Ni ajabu kwamba mjadala wa nidhamu umekuwa mrefu kuliko mjadala wa redio.)

Washirika wa upande wa pili nao hawakuwa na nafuu. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kushambulia Mwanza; mabomu yaliangukia hifadhi ya Saanane na kuua wanyamapori. Siku tisa baadaye, wakati Entebbe inatekwa, ndege ya uchukuzi ya Libya, C-130, ilipigwa kombora ikijaribu kuruka.