Makaburi Yanayojulikana

Ubavuni mwa Beit al-Sahel, hatua chache kutoka baharini, wamelala masultani wa Unguja. Yumo Seyyid Said, aliyefariki 1856. Yumo na mwanawe Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimwondoa mrithi wao, Jamshid bin Abdulla. Jumba likaitwa la wananchi, na tangu 1994 ni makumbusho. Wafaransa, mwaka 1793, waliyafukua makaburi ya wafalme wao huko Saint-Denis wakaitupa mifupa shimoni. Ya Unguja yamebaki mahali pake, na mpita njia aweza kuyaona.

Kilichobadilishwa upesi ni majina. Bustani ya ufukweni, iliyotengenezwa 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Haroub, ilivuliwa jina lake la jubilei. Haidhuru, kwa wenyeji ni Forodhani, na Forodhani imebaki.

Utawala mpya ulijiwekea kumbukumbu zake nje ya Mji Mkongwe. Kisiwandui, penye makao ya chama, ndipo Sheikh Abeid Amani Karume alipopigwa risasi Ijumaa ya tarehe 7 Aprili 1972, na ndipo alipozikwa. Siku hiyo ni mapumziko ya taifa zima. Viongozi hukusanyika Kisiwandui, hitima ikasomwa. Michenzani, kati ya majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, umesimama mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi. Hitima haina lawama, kwani dua ni haki ya kila Muislamu aliyetangulia. Na aliyegaiwa eka tatu, au aliyehamishwa kutoka kibanda cha udongo akatiwa kwenye fleti, ana sababu yake ya kumwombea marehemu. Lakini marehemu huyo alitawala kwa amri, bila ya kumwuliza raia. Uchaguzi wa Zanzibar yenyewe haukurudi hadi 1980.

Yako makaburi mengine, nayo hayana njia ya kuyafikia. Abdallah Kassim Hanga alikuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, ile iliyoishi siku mia moja tu kabla ya Muungano. Othman Shariff alikuwa waziri wa elimu, kisha balozi Marekani. Hawakuwa watu wa Sultani. Walikuwa watu wa Mapinduzi. Mwaka 1969 walitolewa Bara chini ya ulinzi wakapelekwa Unguja, na hawakuonekana tena. Saleh Saadalla na Abdul Aziz Twala, mawaziri nao, walipotea vivyo hivyo. John Okello, ambaye sauti yake redioni ndiyo iliyowatangazia Waunguja kwamba serikali imeanguka, alifukuzwa visiwani miezi michache tu baadaye. Hana mnara, na habari zake zilikatikia Uganda mwaka 1971.

Jamshid mwenyewe aliishi miaka mingi Uingereza, akahamia Oman mwaka 2020, akafariki huko tarehe 30 Desemba 2024. Alizikwa Muscat, mbali na baba zake, lakini alizikwa mchana, watu wakishuhudia. Aliyepinduliwa ana kaburi. Waliompindua, baadhi yao, hawana.

Kwa watu wa pwani jambo hili si la siasa peke yake. Maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa. Matanga hukaliwa na kuondolewa. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hesabu yake huanza siku ya mauti. Mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa usiku asirudi aanze kuhesabu lini? Hakuambiwa tarehe. Hakuambiwa hata kwamba amefiwa. Kisiwandui tarehe inajulikana na mtoto wa chuoni. Kwa wajane wa 1969 kilichobaki ni mazungumzo ya barazani, ya sauti ya chini, ambayo hukatizwa akipita mtu asiyejulikana kwao.