Zabuni ya Maji na Madawati Yangu

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Manzese, na kamati ya shule ilikuwa na fedha mkononi kuliko wakati mwingine wowote niliopata kuuona. Ada ilikuwa imefutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, na watoto walikuja kwa wingi hata wengine wakawa wanaandikia mapajani. Tulihitaji madawati. Mafundi wawili wakaleta bei zao.

Wa kwanza alikuwa fundi wa mtaani kwetu, aliyeranda mbao chini ya mwembe. Wa pili alitoka mbali kidogo na bei yake ilikuwa chini kwa karibu sehemu moja ya tano. Kamati ilikaa jioni moja, tukasoma tarakimu mbili, tukachagua iliyo ndogo. Hatukuuliza mbao ni za aina gani, wala kama zimekaushwa, wala nani atakayekuja kugongea msumari ukilegea. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na muhtasari niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Siku nne baadaye yule fundi wa mtaani akaniletea barua iliyoandikwa kwa penseli juu ya karatasi ya daftari. Hakututukana. Aliuliza jambo moja tu: “Shikamoo Mwalimu. Naomba kujua, mlipima nini?” Nikamjibu kwa maandishi kwamba bei yake ilikuwa juu. Lilikuwa jibu la kweli, na hata leo naona haya kulikumbuka.

Ndugu msomaji, mwaka ule ule mji wetu mzima ulikuwa katika shauri la namna hiyo hiyo, ila lenye tarakimu kubwa zaidi. Wakazi wa Manzese wa miaka ile wanakumbuka maji yalivyokuwa. Mabomba yalikuwapo katika baadhi ya mitaa, lakini bomba ni jambo moja na maji ni jambo jingine. Tulinunua kwa dumu la lita 20 kutoka kwa vijana wa mikokoteni, na maskini alilipa bei ya lita moja kubwa kuliko tajiri mwenye mita nyumbani. Serikali ilitafuta mkopo wa kukarabati mfumo mzima, zaidi ya dola milioni 140, kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba uendeshaji ukabidhiwe kampuni binafsi.

Kampuni tatu za nje zilipita mchujo wa awali: mbili za Ufaransa, na ubia wa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Siku ya kufungua zabuni ilipofika, bahasha ilikuwa moja tu. Wafaransa hawakuleta kitu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Mwalimu anayesahihisha karatasi moja peke yake anaweza kumpa mtoto alama, lakini hawezi kumpa nafasi darasani. Wa kwanza kati ya wangapi? Lakini kuanza upya kungechukua miezi mingi, mkopo ulikuwa unasubiri, na watu wenye haraka huona bahasha moja kuwa bora kuliko meza tupu. Mkataba wa miaka kumi ukatiwa saini Februari 2003, na tarehe 1 Agosti kampuni iitwayo City Water, yenye mwanahisa wa Kitanzania pia, ikaanza kazi chini ya DAWASA.

Haukupita muda mrefu mambo yakaharibika. Makusanyo ya ankara yalikuwa chini ya yale waliyoyategemea. Kampuni ikarudi ikiomba masharti na bei vijadiliwe upya, nayo Serikali ikajibu kwamba bei ni ile waliyoiandika wenyewe. Hapa ndipo mzizi wa migogoro mingi ya zabuni ulipo, kwa maoni yangu. Mzabuni huandika bei ya kushinda, kisha huitafuta bei ya kuishi nayo baada ya kushinda. Mei 2005 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza kwamba mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni ofisi zikatwaliwa, wakuu wa kigeni wakaondolewa nchini, na DAWASCO ikashika mabomba. Mitaani kwetu watu walishangilia. Nami nilishangilia.

Shauri likaenda kwa wasuluhishi wa kimataifa. Baraza moja liliiamuru City Water kuilipa DAWASA kiasi cha pauni milioni 3. Jingine, la ICSID, lilitoa hukumu Julai 2008, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Lilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kwa namna ilivyoitwaa kampuni ile, lakini halikutoa fidia hata senti, kwa kuwa siku ya kutwaliwa uwekezaji ule ulikuwa umekwisha kupoteza thamani yake. Na sababu mojawapo kubwa ilikuwa zabuni yenyewe, iliyokuwa imepangwa vibaya tangu mwanzo. Basi udhaifu ulikuwa ndani ya bahasha siku ilipofunguliwa. Kama kulikuwa na mtu mezani aliyeuliza swali la fundi wangu, jibu alilopewa halikuzuia kalamu.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita upesi. Lowassa akawa Waziri Mkuu Desemba 2005. Ukame ukaleta mgawo wa umeme, na Juni 2006 mkataba wa megawati 100 ukapewa kampuni ya Richmond, ambayo Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliona haikuwa na uwezo wala sifa. Taarifa iliposomwa Februari 2008, Lowassa alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Mtu yule yule aliyesifiwa kwa zabuni ya maji akaangukia katika zabuni ya umeme.

Sheria nazo hazikulala. Zamani zabuni kubwa zilipitia Bodi Kuu ya Zabuni, na aliyeshindwa alikuwa na mlango mwembamba wa kulalamikia. Sheria ya mwaka 2001 ilileta Mamlaka ya Rufani, ya 2004 ikaleta PPRA, zikafuata za 2011 na 2023. Siku hizi maombi hupitia mtandao wa NeST. Aliyeshindwa hupewa notisi ya kusudio kabla mshindi hajatia saini, pamoja na sababu ya kushindwa kwake, naye anaweza kumlalamikia Afisa Masuuli na kisha kukata rufani. Wapo wanaonung’unika kwamba rufani huchelewesha miradi. Huchelewesha kweli. Mgogoro wa City Water nao ulikula miaka mitatu, na wakati huo sisi tulikuwa tunanunua dumu.

Madawati yetu hayakumaliza miaka miwili. Mbao mbichi zilipinda, misumari ikatoka, msichana mmoja wa darasa la tano akachanika mguu. Tulitumia fedha za ukarabati hadi bei yetu ndogo ikaipita ile kubwa. Nilikwenda chini ya mwembe kumtafuta fundi, nikaambiwa amekwisha kuhama. Alikuwa amenunua mbao kwa mkopo akitegemea kazi yetu.

Nilipostaafu nilimkabidhi mwenzangu mafaili. Aliifungua barua ile ya penseli, akaniuliza kama inahitajika au aitupe, maana haina muhuri wala kumbukumbu namba. Nikamwomba aiache, na jibu langu pia aliache palepale nyuma yake.