Detroit ilianza kuhamwa kabla ya moto wa 1967

Alfajiri ya Jumapili, Julai 23, 1967, polisi wa Detroit walivamia kilabu cha pombe kisicho na leseni katika Mtaa wa 12, karibu na makutano ya Clairmount. Walikuta watu zaidi ya 80 wakiwasherehekea askari wawili waliorejea kutoka vita vya Vietnam, wakawakamata wote. Nje umati ukajaa, chupa zikarushwa, maduka yakavunjwa, kisha yakawaka. Siku tano za ghasia ziliua watu 43, na 33 kati yao walikuwa weusi. Zaidi ya 7,000 walikamatwa, na Rais Lyndon Johnson alipeleka askari wa miavuli.

Tangu hapo wengi husimulia kwamba weusi waliuchoma mji, Wazungu wakahama, mji ukafa. Simulizi hiyo haiwatendei haki watu wa Mtaa wa 12, na sensa yenyewe inaipinga. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na wakazi 1,849,568. Kufikia 1960 ilikuwa imepoteza karibu 180,000, na hapakuwa na duka lililochomwa.

Walioondoka walifuata kazi na nyumba. Kampuni za magari zilikuwa zikijenga viwanda vipya nje ya mji, kwenye ardhi tele. Packard ilifunga kiwanda chake kikubwa cha Detroit mwaka 1956. Mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali ilimfungulia Mzungu njia ya kwenda vitongojini, ilhali mitaa ya weusi ilitiwa rangi nyekundu kwenye ramani za wakopeshaji, maana yake pesa zisifike huko. Mwaka 1941, karibu na barabara ya 8 Mile, mjenzi mmoja alisimamisha ukuta kuwatenga majirani weusi ili nyumba alizowajengea Wazungu zipate dhamana hiyo. Ukuta huo upo hadi leo.

Weusi hawakuachwa watulie hata mahali walipobanwa. Black Bottom, mtaa wao wa zamani, ulibomolewa, na Mtaa wa Hastings, uliokuwa na maduka yao na kumbi zao za muziki, ukafukiwa chini ya barabara kuu. Wengi wa waliofukuzwa walikwenda kusongamana Mtaa wa 12, chini ya polisi ambao karibu wote walikuwa Wazungu. Moto ulianzia hapohapo.

Ni kweli ghasia ziliharakisha kuhama. Coleman Young, meya wa kwanza mweusi, alichaguliwa mwaka 1973 akapokea mji ambao walipa kodi wake walikuwa wakiondoka. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule za vitongoji hazilazimiki kuunganishwa na za Detroit ili kumaliza ubaguzi. Mzazi wa Kizungu aliyevuka mpaka wa mji akawa amelikwepa suala lote. Kufikia 2010 walibaki watu 713,777. Julai 2013 mji uliomba kufilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 18, na wastaafu wake wakakatwa pensheni.

Makadirio ya sensa yalionyesha wakazi wameongezeka kidogo mwaka 2023. Kabla ya hapo, mara ya mwisho idadi hiyo kupanda ilikuwa 1957, miaka kumi kabla ya Mtaa wa 12 kuwaka.