Tundu Kubwa Halipigi Mbali

Mpunga unapoanza kutia punje huku Rau na Mabogini, watu huulizana habari za bunduki ya upepo. Ndege yuko ng'ambo ya majaruba, ukimsogelea anaruka. Basi swali ni hili: tundu la mtutu liwe milimita ngapi ili risasi ifike mbali? Wengi hujibu upesi kwamba kubwa ndiyo nguvu. Historia ya bunduki hapa mlimani inasema vingine.

Zamani za Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki 1891, misafara ya pwani ilileta nguo, shanga na bunduki. Iliyoenea sana Afrika Mashariki ilikuwa gobore. Tundu lake ni pana, mengine milimita 17 na zaidi, ndani laini kama bomba, na risasi yake mviringo kama goroli. Goroli huzuiwa mno na hewa, tena halina mzunguko wa kulinyoosha. Kulenga kitu mita 100 ilikuwa bahati.

Wajerumani walikuja na Mauser ya 1871. Tundu lilikuwa milimita 11, mtutu una mifereji ya kuizungusha risasi, na risasi yenyewe ndefu. Vita vilipoanza 1914, askari wao wengi huku walikuwa bado na bunduki hiyo ya moshi mwingi. Wengine walikuwa na Mauser ya 1898, ya milimita 7.9 tu. Risasi yake ilikuwa nyepesi, ila iliondoka kwa mwendo karibu mara mbili. Unaona, ndugu? Tundu lilipungua, umbali ukaongezeka.

Sasa tuje kwenye upepo. Bunduki hizi huwa za milimita 4.5, 5.5 au 6.35. Risasi yake ya kawaida ina kiuno, na nyuma iko wazi. Umbo hilo huinyoosha kama manyoya ya mshale, lakini huimaliza mwendo mapema. Risasi ndefu isiyo na kiuno hupasua hewa vizuri zaidi, ila ni nzito na hutegemea mzunguko wa mtutu.

Kwa hiyo tazama kwanza nguvu ya upepo. Bunduki ya kukunja, ya springi, haiwezi kuisukuma sawasawa risasi ndefu. Tumia ya kiuno, ya 5.5, na upige karibu. Yenye mtungi wa upepo inaiweza. Hapo 5.5 inatosha kwa ndege. Ya 6.35 haiyumbishwi sana na upepo wa pembeni, lakini hula hewa nyingi. Bila mtungi mkubwa utapata risasi nzito inayokwenda polepole na kuanguka mapema. Mifereji ya mtutu nayo iwe inafaa risasi hiyo. Jaribu kwenye shabaha kabla ya kuamini maneno ya muuzaji.

Kumbuka pia, risasi inayofika mbali hupita na shabaha. Nyuma ya majaruba yetu kuna njia, watoto na nyumba. Usipige pasipo na kingo ya udongo nyuma, na habari ya kibali uulize polisi kabla ya kununua. Kima na mbega wa msitu wa Rau ni mali ya sheria ya wanyamapori. Hao mwite bwana nyama.

Na kwelea kwelea wakija kwa maelfu, hakuna tundu litakalowatosha. Mwarifu bwana shamba mapema, mara uonapo wanapolala. Kwa leo tuishie hapo.